Jiwe la Huku na Jiwe la Ng'ambo

Kwetu Mnyambe, kwenye uwanda wa Newala, ukitaja bati, mtu anainua macho juu. Bati ni paa. Uwandani hakuna mito, visima viko mabondeni, na kwa miaka mingi maji yamekuwa kitu cha kufuatwa mbali na ndoo kichwani. Nyumba yenye mabati mazima ni nyumba ambayo mvua ikinyesha kuna kinachoingia tangini, na mama wa nyumba hiyo anapumzika. Kwa hiyo nilipopata kazi mkoani Kagera na kumpigia dada simu kumwambia kwamba nitakuwa napima bati, aliwatangazia majirani kuwa mdogo wake wa kike anauza mabati, nao wakaanza kumuuliza kama ndugu wa muuzaji hupunguziwa bei.

Niliporudi kwa likizo ya kwanza ilibidi nieleze. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini, jiwe jeusi au la kahawia, zito kupita ukubwa wake. Linachimbwa kwenye milima ya mpakani kule, linayeyushwa, na mwisho wa safari linakwenda kugandishia vidude vidogo vidogo ndani ya simu na redio. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe siku zote tulikuwa tunaliita paa kwa jina la mwenzake." Akaendelea kumenya muhogo.

Dada ni mkubwa wangu wa mbali. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi Mkunya, na yeye tayari ana mume na shamba. Alikuja kunichukua siku ya arobaini, akanipeleka Mnyambe. Mume wake hakuuliza nitakaa mpaka lini. Ada yangu ya sekondari Masasi, kisha ya chuo nilikosomea maabara, ilitoka kwenye mikorosho yao. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini yaliyofuata yananikaa kifuani namna hii. Kila ninachokijua kuhusu mawe nimekijua kwa jasho la watu wale wawili.

Ilikuwa msimu wa kuokota korosho. Tulikuwa tumekaa shambani, mimi, dada na shemeji, tunatenganisha korosho na mabibo, mikono inanata utomvu. Shemeji alikuwa mtu wa kuuliza. Alipenda kujua kitu kinafanyaje kazi, akishajua anakaa kimya kwa muda akikitafuna.

"Shemeji," akaniambia, "hilo bati lenu lina faida kweli, au ni serikali tu inakula?"

Nikamweleza ninachokiona. Kule Kagera mlima mmoja una nchi mbili. Mwamba wenye bati unapita chini ya mpaka bila kuuliza mtu, lakini jiwe likitolewa upande huu lina bei yake, na likitolewa upande ule lina bei nyingine. Wenzetu wa upande ule wamezoea uchimbaji tangu zamani. Wana njia zao za kulisafirisha, magunia yao yana vibandiko vya kuonyesha limetoka shimo gani, na wanunuzi wa mbali wanawaamini. Sisi tuna jiwe zuri, pengine zuri kuliko lao, lakini bado tunajifunza kuliuza. Matokeo yake ni kwamba jiwe letu linavushwa kimya kimya, na likifika kule linapata uraia mpya.

Uso wa shemeji ukafunguka. "Kumbe ni kama korosho."

Ni kweli, ni kama korosho. Mwaka ambao mnada wa kwetu una bei nzuri, korosho za ng'ambo ya Ruvuma zinavuka kuja huku, zinakuwa za Newala kabla hazijakauka. Kila mtu uwandani analijua hilo. Ndugu zetu wako pande zote mbili za mto, na mpaka kwetu ni jambo la kwenye ramani.

"Na ng'ambo yetu sisi," akauliza, "kuna bati?"

"Msumbiji lipo. Lakini si hapa karibu, ni kusini huko."

"Na hapa?"

"Uwandani hapa hakuna kitu, shemeji. Ni mchanga na udongo mwekundu mpaka chini. Kwenye ile miamba ya Masasi, huenda."

Huenda. Kule maabara neno hilo maana yake ni kwamba hatujapima, kwa hiyo hatujui, kwa hiyo tunyamaze. Shambani, kwa mtu anayeotesha mbegu asijue mvua itakuwaje, huenda ni nusu ya ndiyo. Nililisema huku nikitupa bibo kwenye ndoo, wala sikumtazama usoni.

Nilirudi kazini. Baada ya msimu kuisha dada akanipigia simu akicheka. "Shemeji yako amekuwa panya. Anachimba."

Mjomba wa shemeji ana shamba chini ya miamba, upande wa Masasi, na alikuwa amempa ruhusa ya kuchimba pembeni mwake. Shemeji alikuwa anakwenda huko wiki nzima, anarudi Ijumaa kuswali na kubadilisha nguo. Nami nilicheka. Nikamwambia dada amwache, atachoka mwenyewe. Nilifikiri ni kama vile alivyowahi kufuga nyuki, kisha sungura. Mtu mzima ana haki ya kujaribu.

Mvua zilipokatika, binamu yake mmoja alikuja kutoka ng'ambo kwa ajili ya sherehe ya kumtoa mwali katika ukoo wao. Huyo binamu alikuwa amepita kwenye machimbo ya huko kusini, Msumbiji, na mfukoni alikuwa na jiwe. Wakalitazama pamoja na mawe ya shemeji ya Masasi. Yote meusi, yote mazito. Binamu akasema la kwake ni bati la hakika, shemeji akasema hata la kwake. Wakakubaliana kwamba kuna mtu wa kuwaamua.

Kifurushi kilinifikia kwa basi, kimepitia mikono ya makondakta wengi. Ndani kulikuwa na kopo la maziwa na kikopo cha mafuta ya kula, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa. Shemeji alinipigia siku hiyo hiyo.

"La kwenye kopo la maziwa ni la huku. La kwenye mafuta ni la ng'ambo. Naomba unilinganishie thamani yake, shemeji. Usinifiche kitu."

Niliyapima wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilianza na la Masasi. Lilikuwa na mng'ao mzuri, mtu angeweza kulipenda. Nilipolisogezea sumaku, unga wake ukairukia. Nikaliweka kwenye bakuli pamoja na vipande vya zinki, nikadondoshea asidi, nikasubiri. Likabaki jeusi vile vile. Lilikuwa chuma, chuma cha hovyo, kisichofaa hata kwa mhunzi.

Kisha nikachukua la ng'ambo. Pembeni, ukiliweka juani, lilikuwa na rangi ya asali nzito. Nikalifanyia vile vile, na kabla sijamaliza kufuta meza lilikuwa limevaa ngozi nyeupe inayong'aa kama fedha. Hiyo ndiyo alama ya bati. Na ngozi ilikuwa nene, imelifunika jiwe zima.

Nilikaa nalo. Nakumbuka nilifikiri kwamba ningempigia dada kwanza. Hilo wazo lilikuja, nikaliona, nikaliacha lipite, kwa sababu aliyeuliza ni shemeji na mimi nilikuwa na jibu.

"Shemeji, la Masasi ni chuma. Halina thamani."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Pole."

"Nimeshapoa. Na la ng'ambo?"

"La ng'ambo ni bati."

"Zuri?"

"Zuri."

"Kuliko hilo la huko kwenu?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Ningeweza kusema inategemea. Ningeweza kumwambia kwamba jiwe moja si mwamba, kwamba mtu akitembea na jiwe mfukoni hubeba lile bora, na kwamba ubora wa jiwe haukwambii lina bei gani pale shimoni wala nani anaipata bei hiyo. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyaeleza mwenyewe shambani kuhusu nchi nyingine mbili. Lakini nilikuwa nimefurahi. Mtu aliyenisomesha alikuwa ananiuliza swali la fani yangu, na mimi nilikuwa nalijua jibu lake barabara.

"Kuliko mengi ninayoyaona hapa," nikasema.

"Ahsante, shemeji. Umenisaidia sana."

Haukupita muda dada akapiga. Ilikuwa wakati mikorosho inatoa maua, wakati wa kupuliza salfa, ambapo mkulima hata akiumwa anaumwa akiwa shambani. Salamu zake zilikuwa fupi.

"Shemeji yako kaondoka na binamu yake. Wamepitia daraja la Ruvuma."

"Wamekwenda wapi?"

"Nilidhani wewe unajua," akasema.

Miezi iliyofuata sipendi kuikumbuka. Simu ya shemeji ilikuwa haipatikani. Habari za mapigano zilizokuwa zinatoka ng'ambo hazikuwa za kumpa mtu usingizi, na kila niliposikia redioni jina la mahali popote kule nilizima, kisha nikawasha tena. Dada alipuliza salfa mwenyewe kwa pampu ya kuazima, na zamu yake ya kuipata ilichelewa. Ubwiriunga, ule ukungu unaozuiwa na salfa, ulishaingia. Maua yakageuka meupe kama yamemwagiwa unga, yakapukutika. Nilimtumia hela ya vibarua, akaipokea, akaniombea dua kwa adabu zote kama anavyomwombea mgeni. Zamani nikimtumia hela hugomba, anasema mtoto hajui kutunza.

Shemeji alirudi mvua zikiwa zimeshakolea. Dereva wa lori alimshusha Masasi, amelala juu ya magunia, na watu wakampeleka hospitali ya Ndanda moja kwa moja. Shimo lilikuwa limemwangukia. Udongo ulilowa, ukuta ukaporomoka, ukamshika mguu wa kulia. Wenzake walimfukua, lakini njia ya kurudi ilikuwa ndefu na kidonda kilikuwa kimeharibika barabarani. Madaktari walimkata chini ya goti ili abaki na uhai.

Niliomba ruhusa kazini. Toka Kagera mpaka Ndanda unaivuka nchi nzima, na njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilifikiri nitaanza na dada. Nilimkuta nyuma ya wodi, mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia na kupikia, anasuuza shuka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Nimefika. Anaendeleaje?"

"Amelala. Ana maumivu kwenye vidole." Akakamua shuka. "Vidole vyenyewe havipo, lakini anasema vinauma."

Niliinama nikashika upande wa pili wa shuka, tukakamua pamoja. Maneno niliyoyapanga nikayaacha. Nikasema tu, "Dada, mimi ndiye niliyemwambia lile jiwe ni zuri."

"Najua. Alinieleza."

"Nisamehe."

Akaitandaza shuka kwenye kamba, akainyoosha pembe zote, hana haraka. "Sikiliza," akasema. "Sikulaumu kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Ungekuwa jirani ningekulaumu, na ningeitangaza lawama hiyo sokoni. Sasa unataka nifanye nini? Nikulaumu wewe, halafu nibaki na nani?"

Alisema hivyo bila hasira. Ningepata nafuu zaidi kama angenipiga kofi. Kisha akaniambia nikachote maji, uji haujapikwa.

Shemeji alipoamka alinitazama kwa muda kama anayehakikisha, akatabasamu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za safari na kama basi liliharibika njiani. Halafu, bila kuombwa, akaanza kunieleza kule alikokuwa, na alinieleza kama mtu anayempa mwenzake ripoti ya kazi.

"Jiwe ni zuri kweli, shemeji. Ulisema kweli tupu. Ila kuna jambo hukunieleza, au mimi sikuuliza. Kule mchimbaji hauzi. Kuna mwenye shimo, kuna mwenye mzani, kuna mwenye gari. Wewe mwenye sululu unapewa kile kilichobaki wenzako wakishashiba. Sasa nikawa nalinganisha. Huku jiwe halina thamani lakini mimi nina shamba. Kule jiwe lina thamani lakini mimi mwenyewe sina." Akacheka kidogo, kisha akafunga macho kwa maumivu.

"Nilijua," nikamwambia. "Hayo ya mwenye mzani niliyajua. Sikukwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nafurahia kuulizwa."

Wodini kulikuwa na mtoto analia na muuguzi anambembeleza. Dada alikuwa ameingia, amesimama miguuni pa kitanda na bakuli la uji.

"Nisamehe, shemeji," nikasema.

"Hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Dada naye aliinua uso.

"Sikusamehe, kwa sababu nikikusamehe nitakuwa nimesema ulinipeleka wewe. Mimi si mtoto. Nilivuka kwa miguu yangu, yote miwili. Dada yako huyu alinikataza, nikaona ananichelewesha. Mwenye kusamehewa hapa ni mimi, na wa kunisamehe ni huyo aliyeshika bakuli. Wewe usiingie katikati yetu." Akanyoosha mkono kuomba uji. "Ukitaka kubeba kitu, beba ile ndoo pale, ukamwage maji."

Nikaenda nikamwaga maji. Nilisimama nje kwa muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima kwenda kuomba msamaha, na watu wawili waliokuwa na haki ya kunipa au kuninyima walikuwa wamekataa hata kulifungua jambo. Sikumlaumu yeyote. Nilielewa kwamba kwa shemeji, kosa lile lilikuwa kitu cha mwisho kilichobaki chake peke yake, na mimi nilikuwa nataka kumnyang'anya.

Aliruhusiwa baada ya kidonda kufunga. Karakana ya kule kule Ndanda ikamtengenezea mguu, na akajifunza kuutumia kwa ubishi ule ule wa kufuga nyuki. Sehemu ya shamba walimkodisha jirani. Sehemu iliyobaki wanailima wenyewe. Yeye hawezi tena kutembea na pampu mgongoni, lakini anazijua pampu za kupulizia kwa ndani, na watu wa Mnyambe na hata wa Mkunya wanamletea zilizogoma. Anakaa barazani na bisibisi zake. Hajawahi kusema mbele yangu kwamba mambo yamekuwa mazuri, na mimi sijamuuliza.

Nilirudi kazini nikiwa na azimio la kufunga mdomo. Pale Kagera kuna mama mmoja mchimbaji, mjane, anayemletea bosi wetu mnunuzi ndoo yake ya mchanga mweusi wenye bati kila anapopata ya kutosha. Zamani alikuwa na desturi ya kuniuliza, sauti chini, "Upande wa pili leo wananunuaje?" Nami nilikuwa namjibu, kwa kuwa habari hizo tunazisikia. Niliporudi kutoka Ndanda nikaanza kumwambia sijui. Alilikubali hilo mara ya kwanza. Baadaye akaniangalia moja kwa moja.

"Mama, unajua," akasema. "Unatunyima tu. Umekuwa mtu wa bosi."

Niliona aibu, kwa sababu ni kweli kwamba kutokujua kwake kulikuwa na faida kwa mtu, na mtu huyo hakuwa yeye. Nikiongea namsukuma mtu mpakani. Nikinyamaza namsaidia mwenye mzani. Nilikuwa nimefikiri kunyamaza ni usafi.

Nikamwambia asubiri mpaka nitoke. Tukakaa nje ya uzio, nikamweleza kila kitu. Nikamwambia bei ya huku na ya kule, kwa nini zinatofautiana, nani anakata nini njiani, na mtu akikamatwa na mzigo hupatwa na nini. Nikamweleza pia, bila kumtaja jina, habari ya mume wa dada yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mguu wa bandia unauma. Nikasema siku za baridi unauma. Akajitwisha ndoo yake, akaniaga, akaondoka. Nilijizuia kumtazama ameshika njia gani.

Mwaka huu sikwenda nyumbani wakati wa kuokota. Nilikwenda wakati wa salfa. Dada alinipa kanga ya kujifunga puani, akanionyesha namna ya kusimama na upepo nyuma, na tukapuliza mstari kwa mstari mpaka macho yakawasha. Nilikwenda taratibu kuliko vibarua na alinigombeza, akasema nitamaliza dawa kwenye mti mmoja. Nilifurahi sana kugombezwa.

Jioni tulikula barazani ugali wa muhogo na kisamvu. Shemeji alikuwa amevua mguu wake na kuuegemeza ukutani. Alisubiri mpaka nimenawa.

"Haya, shemeji. Bati linaendaje huko?"

Dada aliacha kukusanya vyombo. Mimi nilitazama chini.

"Nijibu," akasema shemeji kwa upole. "Mtu akiuliza ajibiwe. Ukininyima sasa ndio utanikosea."

Nikamjibu. Nikamwambia limepanda kidogo upande wa wenzetu, na kwetu bado linasuasua, na nikaeleza sababu, moja baada ya nyingine, nikarudi nyuma pale nilipohisi nimeruka kitu. Nilichukua muda mrefu. Yeye aliuliza maswali yake, dada akaingia ndani na sahani, na nilimsikia akizipanga polepole, karibu na mlango, ili asikose neno.

Nilipomaliza shemeji aliitikia kwa kichwa, akakaa akiyatafuna niliyomwambia. Safari hii nilimwangalia usoni muda wote huo. Sikuweza kujua anawaza nini.